Umeolewa Ujerumani? Ya ukweni ambayo kwenye kitchen party hawakufundi

Dada zangu, na makaka pia maana siku hizi nanyi mnaoa huku, meseji zenu nimeziona na nimeamua nijibu sehemu moja. Wengi mnauliza visa, mtihani wa Kijerumani wa A1 pale Goethe Upanga, baridi, kazi. Hayo ukitafuta mtandaoni utayapata. Kitu ambacho ni kigumu kukipata ni namna ya kuishi na familia ya mwenzio, yani mama mkwe, baba mkwe, mawifi, mpaka majirani, na namna ya kuwafanya wao nao wakuelewe wewe na kwenu. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mume wangu ni mtu wa huku Swabia, tunakaa kijiji kimoja nje kidogo ya Stuttgart na watoto tumezalia hukuhuku. Kwahiyo naandika ya huku ninakokujua, aliyeko Hamburg au Berlin ataona vitu vingine viko tofauti kidogo.

Nianze na lile ambalo ningependa mtu angeniambia nikiwa bado Dar. Kwetu mtu anayekupenda anajiongeza. Akiona umechoka anashika ufagio, akisikia unaumwa anakuja na uji, hakuulizi. Huku mtu anayekupenda anasubiri useme unataka nini, ukishasema anakuwekea siku na saa, na siku hiyo atakuja hata theluji ianguke. Kwao kujiongeza kwenye maisha ya mtu mzima mwenzako ni kumvunjia heshima, ni kama unamwambia hawezi kujiendesha. Ukilielewa hili moja tu, nusu ya machozi unayolia ukweni yanakauka, maana unaacha kukaa unahesabu nani hajaja na nani hajakuuliza.

Chukua kutembeleana. Kwetu mtu anapita tu, anapiga hodi, kama mnakula anakaribishwa anakula, asipoonekana wiki mbili watu wanaanza kuulizana kulikoni. Huku hakuna kupita. Wifi yangu anakaa mtaa wa pili, kwa miguu ni karibu kabisa, lakini ananiandikia kwanza, Jumamosi ya tarehe fulani saa tisa mna nafasi? na hiyo tarehe unakuta ni ya mwezi ujao. Mgeni akipata ujumbe kama huo anaona amekataliwa. Sio hivyo jamani. Hiyo tarehe ikishaingia kwenye kalenda ni ahadi nzito, mama mkwe anaoka keki tangu jana yake, anatoa vikombe vizuri, na usipotokea bila taarifa utakuwa umemuumiza kuliko unavyofikiri. Ukiona utachelewa dakika kumi piga simu. Ukiwahi sana nako usibonyeze kengele, zunguka mtaa kwanza, mwenyeji bado anapanga meza. Sisi Waswahili tunaoishi huku tumeshazoea mpaka tunasema "nina termin", yani miadi, hata kwa kwenda kusukana.

Lakini usikubali tu wewe ndio ubadilike kila siku. Mimi niliwaambia wazi, kwetu nyumba isiyoingiwa na watu ni nyumba yenye matatizo, mimi nakosa watu, Jumapili kuanzia saa nane mchana chai ipo na mlango uko wazi, anayetaka aje bila kuuliza. Mwanzoni hakuja mtu. Baadaye akaanza kuja mama mkwe, anasimama mlangoni anauliza kweli nisiulize? namwambia kweli, pita mama. Siku hizi Jumapili hiyo hata jirani wa juu anashuka na kiti chake. Wangejuaje kama nisingesema?

Mezani. Ukikaribishwa chakula ukasema hapana asante, imeisha hiyo, sahani inaondoka. Hakuna kubembelezana mara ya pili na ya tatu kama kwetu ambapo unakataa kwanza kwa adabu halafu mwenyeji anakulazimisha. Hapana yao ni hapana na ndiyo yao ni ndiyo, kwahiyo kama una njaa sema ndiyo mara ya kwanza. Na wakija kwako usiwalazimishe, anayelazimishwa anakula kwa mateso halafu hasemi. Usianze kula mpaka wote wamekaa na mtu ametakia watu mlo mwema. Mkigonganisha glasi, hata kama yako ni juisi, mtazame mwenzio machoni, hiyo wanaizingatia kweli, na kwa sisi tuliofundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa inataka mazoezi. Jioni usishangae mezani ukakuta mkate, jibini, nyama baridi za kukatwakatwa na matango ya siki, hakuna kilichopikwa, hicho ndio chakula cha usiku cha nyumba nyingi na hawajakunyima. Cha moto wanakula mchana. Na kama hamli nguruwe ulizeni mapema bila aibu, huku nguruwe anaingia kwenye vitu vingi, hata ile nyama mbichi nyekundu wanayopaka juu ya mkate asubuhi ni yeye. Halafu kuna chakula cha huku Swabia nakipenda mno, dengu na tambi zao za nyumbani na soseji, mama mkwe alinifundisha na mimi nikamfundisha mbalaga, chakula chetu cha ndizi, na ndizi zenyewe tunazipata duka la Waafrika mjini.

Zawadi wanafungua mbele yako na kushukuru hapohapo, kwetu inapelekwa ndani. Maua peleka ila toa karatasi kabla hujamkabidhi, na waridi jekundu ni la mpenzi, sio la mama mkwe. Siku ya kuzaliwa USIMPONGEZE MTU kabla siku yenyewe haijafika, wanaona ni nuksi kabisa, na wewe ukitimiza mwaka ndiye unayepeleka keki kazini.

Sasa la mkwe lenyewe, hapa ndio wengi mnaniuliza.

Kwetu Rungwe zamani mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Bibi yangu alinisimulia jinsi alivyokuwa akisikia sauti ya mkwe wake njiani anaingia migombani mpaka mzee apite, hali naye, jina lake halitaji. Siku hizi hayo yamelegea sana, watu wanakaa sebule moja wanaangalia taarifa ya habari, lakini ile heshima ipo damuni, mkwe hakumbatiwi hovyo wala haitwi jina lake. Njoo sasa huku. Unafika, baba mkwe kafungua mikono anataka kukukumbatia na anakuambia niite jina langu tu. Mwili mzima unakataa.

Ushauri wangu, kwanza jua amekupa kitu kikubwa. Huku mtu mzima hawezi kuitwa jina la kwanza na kila mtu, kuna watu wamefanya kazi ofisi moja miaka mingi bado wanaitana kwa jina la ukoo, na ni mkubwa ndiye anayemruhusu mdogo, mdogo haanzi. Kwahiyo anapokupa jina lake anakuingiza ndani ya familia. Ukilikwepa kimya kimya, ukawa unaongea naye bila kumwita chochote, ataona wewe ndiye unayemweka mbali. Mimi nilimweleza yeye na mama yote, habari ya bibi na migomba, nikawaomba niwaite mama na baba, na kukumbatiana tubadilishe na kushikana mikono miwili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo ananipa mikono yote miwili, na ndugu zake wakija anawaeleza yeye mwenyewe kwa nini, kwa fahari kabisa. Watoto walipozaliwa sote tukahamia Oma na Opa, yani bibi na babu, na hiyo ni kawaida hata kwa Wajerumani wenyewe.

Jumapili ina sheria zake. Maduka karibu yote yamefungwa, na hili limelindwa mpaka kwenye katiba yao, Jumapili ni siku ya mapumziko. Hukati nyasi, hutoboi ukuta na drili, hata chupa hupeleki kwenye lile pipa la vioo maana zinapiga kelele. Na siku zote kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Kama mna ubarikio au birthday na muziki wetu, bandika karatasi kwenye ngazi siku kadhaa kabla, waeleze majirani ni siku gani mpaka saa ngapi na uwakaribishe, wengi watakuwa waelewa kabisa. Kwa huku Swabia kuna na Kehrwoche, zamu ya usafi, kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako na wiki hiyo ni wewe unayefagia ngazi na mbele ya nyumba. Ifanye vizuri jamani. Huku kuna majirani wanaomjua mgeni kwa ufagio wake kabla hawajalijua jina lake, na sisi kufagia uwanja asubuhi tumelelewa nako, hapo hatuna cha kujifunza kutoka kwao.

Tuje kwenye uzazi, maana hili naliandika kwa uchungu kwa ajili ya mabinti walioko peke yao miji ya huku na mimba.

Kwetu ukijifungua siku arobaini huna kazi zaidi ya kunyonyesha. Mama anakuja au shangazi, unakandwa maji ya moto, unaletewa mtori na uji wa pilipili manga, watu wanaingia na kutoka, mwingine anafua, mwingine anakushikia mtoto ulale. Huku ukijifungua watu wanakaa mbali kwa heshima. Wanatuma kadi nzuri, wanaacha zawadi mlangoni, wanasema wapeni muda wapumzike. Wanakutakia mema kabisa, na wewe ndani unalia unaona dunia imekusahau. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa karibu na hakuja siku za mwanzo, na baadaye aliniambia alikuwa anaamka kila asubuhi anaangalia simu kama nimemwita, anaogopa akija bila kuitwa nitaona anaingilia. Yani sote wawili tulikuwa tunasubiriana.

Kwahiyo mwambieni KABLA. Mimba ikiwa bado changa kaa na mama mkwe, mweleze arobaini ni nini, mwambie nataka uje Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, supu nitakuelekeza, mtoto utamuogesha tukiwa wote. Atafurahi hujui tu, na atakuja saa nne kamili. Wao wenyewe wana desturi ya wiki sita mpaka nane za kupumzika baada ya kujifungua, ila siku hizi mwenye mtoto anapumzika na mumewe tu, ule umati haupo. Halafu kuna mkunga anayekuja nyumbani, huyu ni msaada mkubwa sana na bima inalipa. Siku kumi za kwanza anaweza kuja kila siku, na anaendelea kwa nafasi nafasi mpaka wiki ya kumi na mbili, anaangalia kidonda, maziwa, uzito wa mtoto, na akili yako pia. Lakini ni wachache, mtafute mara tu ukijua una mimba, usisubiri tumbo lionekane.

Kama unataka mama yako aje toka nyumbani anza miezi mingi kabla. Visa ya Schengen ya kutembea inampa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, inatakiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000, na mara nyingi nyie wenyeji mnaenda ofisi ya wageni kusaini kwamba mtamgharamia. Panga afike ukiwa bado hujajifungua, na usimtoe kijijini Januari kama una hiari, baridi ya huku kwa mama wa miaka sitini na kitu ni adhabu.

Likizo yao ni nzuri lazima niseme. Mama anapumzika wiki sita kabla ya kujifungua na nane baada, halafu kila mzazi ana haki ya likizo ya malezi mpaka miaka mitatu kwa kila mtoto, na ile pesa ya malezi mkigawana baba na mama inafika miezi 14 kwa jumla. Kwetu sheria inampa mama siku 84. Mume wangu alikaa nyumbani na mtoto, akabadilisha nepi, akapika, na mama yangu kwenye simu aliona aibu kwa niaba yangu, akaniuliza taratibu kama nimemlisha kitu. Ilibidi nimweleze kwamba huku mwanaume anayesukuma kigari cha mtoto barabarani peke yake ndio anaonekana mwanaume. Alipokuja akaona kwa macho yake alinyamaza, na alivyorudi Tukuyu akawa anawasimulia wajomba.

Watoto wakishakua kubalianeni mapema wewe na mwenzio. Fimbo huku hakuna, tangu mwaka 2000 sheria inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa, hata kibao ni kosa, na mimi naomba hii muichukue kwa moyo sio kwa kuogopa polisi tu. Saa moja jioni mtoto kitandani, chumbani kwake. Mtoto anaulizwa anataka nini na anajibu, na bibi yake anaona sawa. Hapo nimekubaliana na mengi ila amkio sijakubali liondoke. Wanangu wanasema shikamoo kwa kila Mswahili mkubwa, na ugonile kwa bibi yao wa Tukuyu, na kwa Wajerumani wanatoa mkono na kutazama machoni. Mtoto anaweza kubeba vyote viwili bila shida, anayechanganyikiwa ni mzazi. Kitu kilichonifurahisha ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza huku anaenda shule kwa miguu na wenzake, bila mzazi, kama sisi tulivyokuwa tunashuka makundi makundi na vifuko vyetu. Nilidhani Ulaya yote watoto wanafungiwa.

Sasa PESA. Hili linavunja ndoa, nawaambia ukweli.

Mwenzio ataona kila mwezi unatuma nyumbani, leo ada ya mdogo wako, kesho dawa za baba, keshokutwa bati limeezuliwa na upepo, na atauliza swali ambalo linauma, kwa nini kaka yako mzima wa afya hajitegemei? Usimjibu kwa hasira na usianze kutuma kwa siri, siri ikigundulika ndio mwisho wa kuaminiana. Mimi nilichofanya nilichukua karatasi ya mshahara wa mume wangu nikaiweka mezani tukaisoma wote mstari kwa mstari. Pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu analipa yeye nusu mwajiri. Kuna makato ya bima ya matunzo ya wazee na wagonjwa, hiyo wameianza mwaka 1995. Kuna bima ya afya, kuna ya kukosa kazi. Nikamwambia unaona, wewe unawatunza wazee kila mwezi, ila pesa inapita serikalini huioni mkononi mwako, ndio maana baba yako anakunywa kahawa yake bila kukupigia simu. Baba yangu amelima chai na migomba maisha yake yote, hana mwajiri wa kumkatia, pensheni yake ni sisi watoto. Mimi nalipa makato yaleyale unayolipa wewe, yangu yanapita M-Pesa. Yule mtu alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema basi tuiandike kwenye bajeti.

Na ndio tulivyofanya. Kuna kiasi cha kila mwezi cha wazee, kimeandikwa, hakiombwi wala hakijadiliwi, kinatoka siku moja na kodi ya nyumba. Kuna kibubu cha dharura. Na nje ya hapo, shemeji anayetaka pikipiki na mtoto wa mjomba anayetaka mtaji tunakaa tunaongea wote wawili, na wakati mwingine jibu ni hapana, na hapana hiyo naitoa mimi kwa Kiswahili kwa mdomo wangu, simsukumii mume wangu aonekane mbaya. Ndugu zetu pia tuwaambie ukweli, hapa maisha ni ghali na ile pesa ya watoto ya serikali, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mtoto kwa mwezi, ni ya mtoto na inaishia kwa mtoto. Kingine, kwa pesa unayowatumia wazazi wasiojiweza kuna uwezekano wa kupunguziwa kodi, mradi ipite benki na uwe na fomu zao zimejazwa na kugongwa mihuri nyumbani, kwahiyo muulizeni mtu wa kodi msiache tu.

Na msije mkawasema Wajerumani kwamba wanawatupa wazee. Nimesikia sana maneno hayo kwenye magrupu yetu. Mama mkwe wangu yeye mwenyewe amesema kwa mdomo wake hataki kuja kukaa kwetu akizeeka, ameshaenda kuangalia nyumba ya wazee anayoitaka na bustani yake, na tulipomwambia chumba kipo alishukuru mpaka machozi lakini akakataa. Kwake kujitegemea mpaka mwisho ndio heshima yake. Wapo pia wanaouguza wazazi wao nyumbani miaka na miaka, kimya kimya, baada ya kazi. Mpe nafasi mkwe wako aseme anachotaka kabla hujaamua kumuonea huruma.

Msiba ndio ulionifunza zaidi. Shangazi wa mume wangu alipofariki niliuliza tunaenda lini, wakaniambia mazishi ni baada ya wiki mbili na kadi itakuja. Hakuna turubai, hakuna mikeka, hakuna kulala msibani, wafiwa wako ndani peke yao na mlango umefungwa. Wengi siku hizi wanachomwa na kuzikwa majivu. Baada ya mazishi watu wanaenda mgahawani, kahawa na keki, wanaongea kumhusu marehemu, wanacheka hata, halafu kila mtu anarudi kwake. Na kaburi ni la kukodi, miaka ishirini au zaidi kidogo kutegemea na mji, muda ukiisha msipolipia wanaliondoa. Hilo la kaburi mimi bado linanisumbua na sioni kama nitakuja kulizoea.

Akifiwa rafiki yako Mjerumani mwandikie kadi kwa mkono, sio meseji, taja kitu unachomkumbuka marehemu. Baada ya mazishi ndio mpigie, mwulize naweza kuja Alhamisi na chakula? Wiki ya tatu na ya nne ndio anapobaki mpweke hasa, na hapo sisi tuna kitu cha kuwapa maana arobaini zetu zimetufundisha kwamba msiba hauishi siku ya kuzika. Nilimpikia mjomba wa mume wangu kila Alhamisi baada ya kumpoteza mkewe, nilimuuliza kwanza, akakubali, na sasa ni desturi ya familia.

Na msiba wa kwenu mweleze mwenzio leo, msisubiri simu ya saa tisa usiku. Mwambie baba au mama akifariki nitaondoka siku hiyohiyo au kesho yake, sio wiki ijayo, kwetu hawasubiri. Tengeni pesa ya tiketi ya haraka, hiyo ya kununua leo kuruka leo bei yake inatisha, halafu bado kuna Dar mpaka Songwe na gari mpaka kijijini. Muulize mwajiri wako anatoa siku ngapi, wengi wanatoa mbili au tatu za kufiwa mzazi, zilizobaki utakata kwenye likizo yako. Kama mume anakuja naye mwandae, atakaa na wanaume nje, wewe utakuwa ndani na wanawake, mnaweza msionane siku nzima, wazee watampa mkono mmoja mmoja, asikae anakutafuta. Apeleke rambirambi yake mwenyewe aandikwe kwenye daftari. Mume wangu alibeba viti na kuni na vijana bila kuambiwa, na mpaka leo pale kijijini wanamtaja kwa hilo.

Mwisho, wakwe wakitaka kuja kwenu walete, msiogope. Visa kwao ni dola 50 na wanaomba mtandaoni. Waambie wabebe masweta kama ni mwezi wa sita au wa saba, Tukuyu inanyesha na ni baridi na wao wanakuja na kaptula. Waandikieni ratiba, hata kama mnajua haitafuatwa yote, inawatuliza. Mama yako naye mwambie kwamba wageni watataka kukaa chumbani peke yao saa moja kila mchana na hawajanuna, wamezoea hivyo, na kwamba wakisema wameshiba wameshiba kweli. Wafundishe kunawa, mkono wa kulia, wasipige watu picha bila kuomba, wasibusiane mbele ya wazee. Na wewe usikae katikati unatafsiri kila neno kuanzia asubuhi mpaka usiku, utachoka vibaya na wao watabaki wanakuangalia wewe badala ya kuangaliana. Mpe mama mkwe kisu na mkungu wa ndizi akae na mama yako wamenye, mpe mzee gumboti aende shambani na baba, halafu wewe nenda kalale kidogo.